Nchi Isiyo na Maradhi

Dada yangu ni muuguzi wa chanjo za wasafiri, na ana mdomo. Mtu akikaa tu kwenye kile kiti chake cha plastiki, kabla hajakunja mkono wa shati, ameshaulizwa anakwenda wapi na nani kamdanganya kwamba sindano haiumi. Ukutani kuna bango la nchi na maradhi yake. Nchi zenye mstari mrefu anazishughulikia kwelikweli: homa ya manjano, vidonge vya malaria, maji ya kunywa. Zile za Ulaya anazipitia juu juu.

Bintiye alipopata kazi ya kutunza wazee huko Ulaya, alimkalisha kwenye kiti hichohicho. Akatazama bango, akacheka.

"Surua na pepopunda, basi. Huko hata mbu anaombwa viza."

"Na pumu je?" nikauliza.

"Pumu ya utotoni hiyo, mdogo wangu. Usimtie mtoto wasiwasi."

Mwenye sare ni yeye, nikafunga domo. Kidude cha kuvuta dawa kikabaki nyumbani kwenye droo.

Leo asubuhi nilimpelekea dada chai kazini. Simu ikaita, akaiweka sauti ya juu, kwa kuwa alikuwa na sindano mkononi na mzee mmoja ameshatoa bega. Tukasikia pumzi kabla ya maneno. Pumzi ile tunaijua. Tumelala nayo chumba kimoja miaka mingi.

"Mama... baridi... kifua kimebana."

"Umepiga simu ya dharura?"

"Nimepiga. Wanakuja. Theluji... imefunga barabara."

"Kaa wima, mwanangu. Usilale. Inama mbele kidogo. Vuta polepole."

Akarudia hayohayo, maana hakuwa na jingine. Akatazama jokofu lililojaa chanjo, akatazama bango, akanitazama mimi niliyeshika chupa ya chai kama mjinga. Sijawahi kujiona sina maana namna ile. Mzee akashusha mkono wa shati lake.

"Mama, uko hapo?"

"Nipo. Nipo hapahapa."

Binti hakujibu tena. Zikabaki pumzi tu kwenye simu, fupifupi, na kila moja ilipochelewa, dada naye aliacha kupumua.