Mchezaji wa Kumi na Mbili

Mpira wa Kimarekani, ule wa kukumbatia kwapani na kuangushana, huchezwa na watu kumi na mmoja kila upande. Godelieve hakuhitaji kuelezwa hilo. Alikuwa mfuaji wa jezi za timu ya chuo kimoja kidogo karibu na mji wa Cedar Hill, Marekani, na mwanawe Darius aliivalia timu hiyo namba arobaini na nne, mpaka alipokufa kwa ajali kiangazi, njiani kwenda Houston.

Warundi wenzake walimzika vizuri. Lakini siku ya kuondoa matanga ilipofika, siku ya kunywa pamoja na kumwachilia marehemu aende zake, Godelieve aligoma.

"Aliahidi kucheza msimu huu," alimwambia kaka yake Nazaire. "Acheze kwanza."

Ukaidi ulioje! Kila wiki akawa anaifua jezi ya Darius pamoja na nyingine, anaitia kwenye begi, inasafiri na timu.

Ndipo vituko vikaanza. Timu ilipangiwa vibonde, mechi ambazo hata bibi kizee angeshinda, na zote ikapoteza. Kila ilipofunga, mwamuzi alirusha kitambaa cha njano, ishara ya kosa: wachezaji kumi na wawili uwanjani! Kocha alihesabu kwa kidole, akapata kumi na mmoja. Mwamuzi alihesabu tena, akapata kumi na wawili. Pointi zikafutwa.

Na ile jezi ambayo hakuna aliyeivaa ilirudi na nyasi na jasho bichi. Godelieve aliinusa, akaijua harufu ya mwanawe. Wala hakuogopa, jamani. Alifurahi, na hilo ndilo la kutisha zaidi.

Chuo kikachoka. Kikatangaza kwamba wakifungwa na wale wa Houston, dhaifu kuliko wote, timu itavunjwa. Leonce, nahodha, aliyekuwa rafiki wa Darius, akamfuata Godelieve kwenye mashine za kufulia.

"Mama Darius, niki-run namsikia anahema kando yangu. I swear. Amechoka, Mama. Mwambie apumzike, please."

Neno hilo, amechoka, lilimchoma Godelieve kuliko habari ya kuvunjwa kwa timu. Alimpigia Nazaire simu palepale.

Jumamosi, kwenye maegesho ya uwanja kule Alief, mtaa wa Houston, Wamarekani wakichoma nyama nyuma ya magari yao kama ilivyo desturi kabla ya mechi, Warundi nao walifungua gari la Nazaire. Kinywaji cha kuondoa matanga kikazunguka. Nazaire akamwaga kidogo chini.

"Darius, umefanya kazi. Nenda ukapumzike."

Godelieve alikunywa wa mwisho. Akaikunja jezi, akaifungia garini.

Wale vibonde waliwatoa jasho. Mwishoni kabisa Leonce akavuka mstari na mpira. Mwamuzi akatia mkono mfukoni penye kitambaa, akaanza kuhesabu. Godelieve naye akahesabu, akiomba wawe kumi na mmoja, na moyoni akiomba wawe kumi na wawili.

Walikuwa kumi na mmoja.

Uwanja ulilipuka kwa shangwe. Godelieve alirudi garini, akaikunjua jezi, akauzika uso wake ndani yake. Ilinukia sabuni tu. Akaketi juu ya lami, akaanza kumlilia mwanawe kwa mara ya kwanza tangu amzike.

"Lia, dada," alisema Nazaire, akimshika bega. "Sasa ndiyo ulie."