Wote Walisema Tembo ni Jirani

Jirani yangu Vaileth ni mkufunzi wa chuo cha ualimu huku Kilosa, na tangu nimfahamu si mtu wa kuamini upesi. Akinunua mchele sokoni huingiza mkono mpaka chini ya gunia, kwa sababu wa juu ni wa kuonyeshea. Ukimwambia fulani amefariki, kabla ya pole atauliza nani amekwambia. Baba yake alikuwa mwinjilisti wa Kianglikana milimani Ukaguru, na watoto wa nyumba ile waliulizwa maswali kila baada ya mahubiri. Wenzake walikua wakaacha kuuliza. Yeye aliendelea.

Ndiyo maana nilishangaa aliponiambia kwamba utafiti wake wa shahada ya udaktari ataufanya kwa njia isiyoanza na dhana yoyote. Alikuwa ameshavuka miaka arobaini, na chuo kikuu kilikuwa kimemwongezea muda kwa mara ya mwisho. Asipofika mbele ya jopo mwaka ule akiwa na nadharia, jina lake lingefutwa. Haya alinieleza tukiwa tunaanua nguo, kila mtu upande wake wa uzio.

Watafiti wengine, alisema, huenda kijijini na dhana yao na dodoso lenye visanduku, wakatafuta watu wa kuikubali au kuikataa. Yeye angewasikiliza watu kwanza. Angeandika walichosema neno kwa neno, aipe kila sentensi jina la jambo linalofanyika ndani yake, alinganishe mahojiano haya na yale, mpaka majina yajikusanye na nadharia ichipuke kutoka chini. Msimamizi wake, Dakta Evarist, alimwonya jambo moja tu: asiipande mwenyewe halafu akajifanya imeota.

Alichotaka kuelewa ni maisha ya watu wanaolima kando ya hifadhi ya Mikumi, ambao tembo huwalia mahindi na bado msimu ukifika wanashika jembe. Alifikia kwa shangazi yake Magreti, dada wa baba yake, mjane aliyeolewa huko zamani, mwenye shamba la mahindi na ufuta katika kitongoji kilicho mpakani kabisa.

Wasiwasi ulianza siku ya kujitambulisha. Mwenyekiti wa kitongoji, Kasiani, alimuuliza mbele ya watu anatafuta jibu gani. Vaileth alijibu kwa uaminifu kwamba bado hajui.

"Hujui," Kasiani alisema. "Umepanda gari toka Kilosa kuja kutojua huku kwetu? Kwani kwenu kutojua kumeisha?"

Watu walicheka, lakini waliondoka wakitazamana. Mtu wa dodoso wanamfahamu: anauliza, anajaza, anaondoka. Huyu asiye na jibu analolitaka ni wa nani? Wengine walisema ametumwa na watu wa ardhi. Wengine walisema ni wa mwekezaji, kwa kuwa zilikuwapo tetesi kwamba kuna mtu anatafuta eneo la kujenga kambi ya watalii. Alipomrudia mama mmoja kumuuliza zaidi kuhusu jambo alilosema wiki iliyopita, yule mama alimwambia mumewe kwamba hivyo ndivyo polisi wanavyofanya, wanakurudia waone kama utasema yale yale.

Aliyemfungulia mlango alikuwa Joha, mama ambaye babu yake aliletwa wilayani na kazi ya mashamba ya mkonge. Joha alimweleza mengi, na katikati akasema: "Tembo ni jirani, na jirani hachaguliwi." Vaileth alirudi kwa shangazi yake amefurahi kupita kiasi. Walipokuwa wanakula aliirudia ile sentensi mara mbili.

Shangazi Magreti alimuuliza kazi itaisha lini, maana watoto wake wako peke yao Kilosa. Vaileth alimjibu kama alivyofundishwa, kwamba kazi inaisha data zikishiba.

"Zinashibaje?"

"Watu wakianza kusema yale yale, shangazi. Kukiwa hakuna jipya."

Shangazi aliitika, akamwongezea mboga.

Baada ya hapo kazi ilikuwa nyepesi. Milango iliyokuwa imefungwa ikafunguka. Alikoenda alikaribishwa kiti, na kabla mazungumzo hayajafika mbali, mtu alimwambia kwamba tembo ni jirani, na jirani hachaguliwi. Alisema hivyo fundi baiskeli. Akasema hivyo mama muuza maandazi. Vaileth alimwandikia Dakta Evarist kwamba data zimeshiba na jina kuu la nadharia limepatikana, ni ujirani. Dakta alimpongeza, akamwombea tarehe ya kufika mbele ya jopo.

Kilichomzindua ni mzee Donati. Tembo walikuwa wamepita kwake juzi yake, na shamba lilikuwa mabua matupu yaliyolalia upande mmoja. Mzee alisimama ukingoni, akaitazama simu iliyokuwa inarekodi, akanyoosha mgongo kama mwanafunzi mbele ya mkaguzi, na kusema ile sentensi. Kisha akauliza, "Imeingia?"

Jioni ile Vaileth alisikiliza upya rekodi zote. Sentensi ilikuwa ile ile, na wote walipumzika mahali pale pale, baada ya neno jirani. Aliniambia baadaye kwamba watu wanaweza kuwa na wazo moja, lakini hawawezi kuwa na mkato mmoja. Hapo akajua kwamba kuna mtu amewafundisha.

Kwanza alimshuku Kasiani. Mwenyekiti ndiye aliyempa majina ya watu wa kuzungumza nao, na mara mbili alipita njiani wakati wa mazungumzo bila safari ya kueleweka. Kama mwekezaji yupo kweli, ingemfaa kijiji kionekane kinawapenda tembo. Vaileth akaanza kutega. Aliacha kumwambia Kasiani anakokwenda. Aliwafuata watu wasio katika majina yale, wakasema sentensi. Alikwenda gulioni katika kijiji cha Ulaya, ambako Kasiani hana mamlaka, akamkuta mama anayeuza njegere, mzaliwa wa kile kitongoji, akamuuliza habari za nyumbani. Mama yule alimtazama kuanzia miguuni, akauliza kama yeye ndiye yule mwalimu, kisha akaisema.

Vaileth aliacha kula vizuri. Alihisi kila salamu imepangwa. Hata mimi aliponipigia simu aliniuliza kama kuna mtu aliyefika Kilosa kuulizia habari zake.

Mwishowe alimwendea Kasiani nyumbani kwake, akamuuliza waziwazi kwa nini amewafundisha watu cha kusema. Kasiani hakukasirika. Alimtazama muda mrefu, kama anayejaribu kuona ni nani kati yao anayemdanganya mwenzake.

"Mimi nilijua umekuja nayo wewe," alisema. "Nikasema, kumbe alikuwa na jibu lake, alituficha. Basi apewe, aende salama."

"Aliyewaambia ni nani?"

"Mwalimu, muulize anayekulaza."

Shangazi Magreti alikuwa anapepeta ufuta. Vaileth alimwamkia upya, ingawa walishaamkiana asubuhi, na shangazi akajua kuna jambo. Hakukana. Alieleza bila kuacha kupepeta: alipita nyumba kwa nyumba, kanisani akazungumza na kina mama, na yule wa njegere alimpelekea ujumbe kwa mkono wa dereva wa bodaboda. Sentensi yenyewe aliichagua kwa kuwa aliona ilivyomfurahisha Vaileth.

"Shangazi, kwa nini?"

"Ulisema hazijashiba. Mgeni wangu analala kwangu, anasema hajashiba, mimi nikae nimtazame? Nikazishibisha."

"Lakini si kweli waliyosema."

"Hukuuliza kweli. Uliuliza yale yale."

Vaileth alitoka nje akakaa. Aliniambia kwamba hasira ilimwisha mapema kuliko alivyopenda, kwa sababu alipofuata jambo lile mpaka mwanzo wake alijikuta mwenyewe amekaa mezani, anairudia sentensi mara ya pili. Msimamizi alimkataza kupanda. Alikuwa amepanda kwa furaha yake tu.

Sasa alikuwa na njia mbili. Jopo lilikuwa limeshapangwa, na hakuna hata mmoja kati yao ambaye angefika kule mpakani kuuliza. Angenyamaza, angepita. Akisema, angebaki na mahojiano machache ya mwanzo, na chuo kisingemwongezea hata siku. Alimpigia simu Dakta Evarist, akamweleza yote. Dakta alisema tarehe haitabadilika, aje na atakachokuwa nacho au asije, na akaongeza kwamba angependa kujua kama hiki anachoambiwa sasa ndicho cha mwisho. Vaileth alisema naye angependa kujua.

Aliweka kando kila mahojiano yenye ile sentensi, isipokuwa ya Joha. Halafu akaanza na mtu ambaye hakuwahi kumuuliza, kwa kuwa alikuwa anakula kwake: shangazi yake. Shangazi aliitazama simu kwa jicho baya, akauliza sauti inapelekwa wapi. Alipojibiwa, akauliza tena kwa maneno mengine. Ndipo akasema.

"Tembo si jirani. Jirani unamwazima chumvi. Mimi sikai usiku kwenye dungu la kulindia shamba kwa ajili ya tembo, tembo akija ameshakuja. Nakaa ili asubuhi nikute mpaka wangu ulipokuwa jana."

"Mpaka wako na nani?"

"Na Donati. Nikihama msimu mmoja tu, nikirudi nitaambiwa shamba lilikuwa pori."

Donati, alipohojiwa upya, alisema shangazi Magreti ni mtu wa kutazamwa. Joha alicheka sana alipokumbushwa maneno yake. Alisema siku ile alikuwa amegombana na Donati kuhusu mtaro, na tembo alimtaja kwa adabu tu. Kasiani alisema wote watatu ni waongo, lakini kila mmoja ana lake la kweli. Fundi baiskeli alieleza kwamba kelele za kufukuza tembo hupigwa na kitongoji kizima, na asiyetoka kupiga ndiye anayeshukiwa kuwa yuko shambani kwa mwenzake. Katika mahojiano karibu yote lilijirudia neno moja ambalo hakuna aliyelifundisha, kulindana. Wengine walikuwa na maana ya kumlinda mwenzio na tembo. Wengine walikuwa na maana ya kumlinda mwenzio asikuibie. Mara nyingi mtu mmoja alikuwa na maana zote mbili katika sentensi moja, na Vaileth alipomuuliza ni ipi, alishangaa kuulizwa.

Alikwenda mbele ya jopo na nadharia hiyo ya kulindana, pungufu, akaanza kwa kueleza sentensi iliyofundishwa. Wajumbe hawakuipenda. Mmoja aliuliza mtafiti aliyedanganywa mara moja ana sababu gani ya kudhani hajadanganywa tena.

"Safari hii hawakubaliani," Vaileth alisema. "Kama kuna aliyewafundisha, amefundisha vibaya."

Mjumbe yule aliandika kitu kwenye karatasi na kuifunika kwa mkono. Walimtoa nje, wakakaa muda, wakamwita. Aliruhusiwa kuendelea na kuandika, kwa sharti kwamba habari nzima ya ile sentensi iwe sura kamili, na kwamba mtu mwingine, ambaye hatatajiwa jina, atafika kule mpakani kuhakiki.

Tangu hapo, kila mgeni akionekana kitongojini, shangazi Magreti humpigia Vaileth simu kuuliza kama ndiye yule wa kuhakiki. Vaileth humjibu kwamba hajui, na ni kweli hajui.