Kitanda cha Mtoto Kilichotoka kwa Majirani Waliochukuliwa

Admin, nifichie jina, maana mume wangu ana marafiki Wakenya hapa Lanham, Marekani, na wanausoma ukurasa huu.

Mimi ni mama wa miaka 31, kwetu ni upande wa Eldoret, na kazi yangu ni kutunza wazee. Nimeolewa na Mmarekani ambaye mama yake alizaliwa katika kijiji kidogo cha Poland. Nina mimba ya miezi minane na hasira imeninyima usingizi.

Jumamosi mama mkwe alituletea kitanda cha mtoto cha kubembeza, cha mbao, kimechongwa maua. Watoto wote wa ukoo wao wamelala humo tangu wakati wa vita. Nikamuuliza kwa furaha ni nani alikichonga. Akajibu huku akikoroga chai, "Kilikuwa cha majirani zetu Wayahudi. Wajerumani waliwachukua asubuhi, wao na mtoto wao. Jua halijatua, baba alikuwa ameshakibeba." Alipoona uso wangu umebadilika akaongeza, "Si walikuwa wameenda? Kila mtu kijijini alichukua kitu. Ulitaka kioze?"

Maneno hayo nayajua. Vurugu za uchaguzi kule kwetu zilipotulia, mama yangu alirudi akakuta viti vyake kwa jirani, na vitambaa alivyofuma kwa mkono wake vikiwa bado juu yake. Jirani yuleyule aliyekuwa akituomba chumvi. Akamwambia mama, "Si mlikuwa mmehama? Ningeviacha vinyeshewe?" Kisha akamkaribisha aketi, awe mgeni kwenye kiti chake mwenyewe.

Nimemwambia mume wangu kitanda kitoke. Anasema ni mbao tu, na mama yake alikuwa mtoto, hana kosa. Mtoto hana kosa, nakubali. Lakini sasa ni bibi wa miaka themanini na zaidi na bado anaona ilikuwa sawa, na hilo ndilo linalonichemsha. Rafiki yangu wa kazini naye ati, "Wacha drama, dada. Utavunja ndoa juu ya furniture?" Mama mkwe ameapa kitanda kikitoka hatakanyaga kwetu tena, na mume wangu yuko upande wake.

Mama yangu amepata viza. Wiki ijayo anatua uwanja wa ndege wa Dulles kuja kunisaidia kulea. Ndugu zangu, nishaurini nifanye nini, kwa sababu yeye ndiye atakayemlaza mjukuu wake humo.