Namba za Jumamosi

Marselina hakuwa mvivu, tuelewane hapo mapema. Miaka saba alikuwa nesi wa zahanati ile ya kijiji, ndani ndani huko njia ya Dutumi, na hakuna mama aliyewahi kumkuta amenuna. Ila kila Ijumaa jioni alifunga mlango, akapanda bodaboda hadi Mlandizi, kisha basi hadi Kwa Mathias, kwa wanawe. Na jokofu la chanjo halijui wikiendi. Joto lake husomwa asubuhi na jioni, siku zote saba, lisishuke chini ya nyuzi mbili wala kuvuka nane. Sasa Jumamosi na Jumapili alisoma nani? Hakuna. Jumatatu Marselina alishika kalamu akajaza: nne, tano, nne, tano. Na mganga mfawidhi, Fabian, alishasaini karatasi nzima ya mwezi tangu tarehe mosi, asije akasumbuliwa. Walielewana sana, hao wawili.

Jumatatu moja alijaza namba zake kama kawaida, akasoma joto: tatu. Safi. Akatoa kichupa cha mbele, akamchoma Sadick, mtoto wa wiki sita wa Mwanahalima. Mwanahalima alikuwa ametoka kwake alfajiri kwa miguu. Alimfunga mgongoni mtoto aliyekuwa akilia, akashika njia ya kurudi shamba.

Marselina alirudi jokofuni kuchukua boksi lingine. Likagoma. Lilikuwa limenata ukutani kwa barafu.

Mungu wangu! Ijumaa joto lilipanda hadi tisa, akazungusha swichi ya baridi mpaka mwisho, akajiambia ataishusha kabla ya kuondoka. Bodaboda ikapiga honi, akasahau. Asubuhi hii, alipofika tu, kwa mazoea, mkono wake ulikuwa umeirudisha mahali pake bila hata kuwaza. Alipokuja kusoma, joto lilishapanda hadi tatu, ila barafu ya ukutani haikuwa imeyeyuka.

Alikitikisa kile kichupa alichomchomea Sadick, akakiweka mezani, kama walivyofundishwa kwenye semina. Chanjo nzima hubaki na ukungu. Hii chembe zake zilishuka chini upesi, juu yakabaki maji maangavu. Iliganda. Chanjo iliyoganda haimdhuru mtoto, ila haimlindi. Mama anarudi nyumbani moyo umetulia kwamba mwanawe ana kinga ya pepopunda na kifaduro, kumbe hana kitu. Marselina akakichukua kichupa hadi ofisini kwa Fabian.

Fabian alikiinua kichupa kwenye mwanga.

"Ameshachomwa nani?"

"Mmoja tu, dokta. Sadick wa Mwanahalima."

"Basi mmoja. Mwezi ujao anarudi kwa dozi ya pili. Hizi tuzimwage, tuandike zimevunjika. Walio kwenye foleni waambie chanjo imeisha."

"Na hiyo dozi ya kwanza?"

"Karatasi inasema nne, tano. Wewe ndiye uliyeandika."

"Na sahihi ni yako, dokta. Mpaka ya tarehe thelathini."

Fabian akafunga mlango. "Marselina, dada yangu, tutafukuzwa wote. Unanisikia? Wote wawili."

Alimsikia. Aliogopa, tena sana. Aliwaona wanawe pale Kwa Mathias wakimuuliza mbona leo hajaenda kazini. Lakini alimwona pia Sadick, paja lake dogo na pamba iliyobandikwa. Akafungua mlango, akawapita kina mama kwenye mabenchi, akatoka mbio.

Alimpata Mwanahalima karibu na daraja la mti, sketi ikiwa imejaa vumbi hadi magotini.

"Mama Sadick, rudi. Ile sindano haikuwa nzima. Kosa ni langu."

Mwanahalima aligeuza njia. Alitangulia mbele, mwanawe mgongoni, Marselina akimfuata nyuma. Zahanatini, mbele ya wanawake kumi na mmoja, Marselina alisema yote: swichi, barafu, namba alizotunga. Benchi likalipuka. Mmoja akasonya, mwingine akamwita muuaji. Fabian alisimama mlangoni, mikono mfukoni.

Mwanahalima akanyoosha kadi ya mtoto. "Futa basi."

Marselina aliikata ile dozi kwa mstari mwekundu.

"Umefanya vizuri kunifuata, nesi," Mwanahalima alisema kwa sauti ya chini kabisa. "Lakini mimi nina swali. Mdogo wangu Maua alimleta mwanawe hapa mwezi wa tatu, Jumatatu. Ile Jumamosi ya kabla yake, jokofu lilisomwa na nani?"

Marselina aligeuka kulitazama faili ukutani, karatasi za mwezi baada ya mwezi: nne, tano, nne, tano. Alimwangalia Fabian, akijua sasa atakana, atasema yeye anasaini tu.

Fabian alitoa mikono mfukoni. Alikwenda kabatini, akarudi na rejista tatu nene za chanjo, akaziweka mezani, akavuta kiti.

"Hakuna aliyesoma, mama," alisema. "Na mimi nilisaini." Kisha akampigia mratibu wa chanjo wa wilaya, akamweleza yote hadi mwisho. Alipokata simu akamsogezea Marselina kalamu. "Anakuja. Anataka orodha ya watoto wote tuliowachanja. Anza na Januari."

Marselina alifunua ukurasa wa kwanza. Ulikuwa na majina ishirini na manne.