Utomvu wa Papai Kidevuni mwa Bwana Harusi

Kutoka Tabora nilikaa kwenye treni hadi makalio yakafa ganzi. Nikashuka Pugu, nikapanda vilima kwa miguu hadi Kisarawe, kisha nikateremka tena hadi Msimbu, sanduku kichwani. Nilikuwa nimepata ukarani kwenye shamba la mipapai. Kila asubuhi wafanyakazi walichanja mapapai mabichi na kukinga utomvu mweupe, ambao ulianikwa ukasafirishwa Ulaya.

Mimi Mnyamwezi, wenyeji wangu Wazaramo: watani, makabila yanayotaniana bila kukasirikiana. Tangu siku ya kwanza hakuna neno langu lililosadikiwa.

Jirani yangu, fundi cherehani, alikuwa anaoa. Siku ya harusi mjomba wake alimnyoa, akamkata kidevuni. Damu ikaganda, likabaki gamba jeusi, kubwa kama mende. Nikaha ilikuwa baada ya alasiri, na shangazi yake aliapa hapeleki ukweni bwana harusi mwenye donda.

Nikajitolea. Damu iliyoganda, nikaeleza, imeshikwa na nyuzi za protini zilizosukana kama wavu. Utomvu wa papai una kimeng'enya kinachozikatakata nyuzi hizo. Nikampaka tone.

"Kaoshe sasa hivi," nikamwambia, "la sivyo utomvu utaendelea kula kidonda mpaka damu ianze upya."

"Mnyamwezi huyu," shangazi akasema, "hata papai letu analisingizia uchawi."

"Shangazi, sifanyi utani."

"Ndivyo mnavyoanza."

Wakacheka wote. Nilipoleta maji, bwana harusi alinikimbia kuzunguka nyumba, akidhani nataka kumlowesha kanzu aliyoishona mwezi mzima.

Gamba lilitoka vizuri sana. Kisha damu ikaja. Tulifika ukweni akiwa na bonge la pamba kidevuni na matone kifuani. Baba mkwe akauliza:

"Nani kamuuma?"

"Mnyamwezi," shangazi akajibu.

Nikasukumwa mbele nionekane. Mzee akanikagua meno, akaridhika. Kosa la mtani halina kesi. Shehe akaanza kufungisha ndoa. Bwana harusi aliitikia kwa kubana midomo ili kidonda kisifunguke, ikabidi aulizwe mara tatu, na wakwe wakaanza kunong'ona kwamba labda hataki.

Shamba lilipofungwa, fundi na mkewe walinisindikiza hadi stesheni ya Pugu. Treni ilipoanza kusogea nilimwambia sijapata rafiki kama yeye, na nilimaanisha kila neno.

"Msikie huyu," akamwambia mkewe, akawa anacheka mpaka treni ikapinda kona.