Mbuzi Mwekundu wa Benchi la Gemu

Kuna harufu ya vumbi linaloungua ndani ya mashine ya gemu iliyochezwa kutwa bila kuzimwa. Si moshi, wala si harufu mbaya. Ni kama blanketi lililoanikwa karibu mno na jiko. Ijumaa iliyopita jioni niliinusa tena huku mtaani Kamakwa, nyumbani kwa rafiki yangu. Tulikuwa watu sita tumebanana mbele ya skrini, tukibishana. Na mkitaka kujua sisi watu wa gemu tunabishania nini siku hizi, ni haya haya: kwamba mashine ya toleo la Tano imezeeka na ya Sita haionekani, kwamba memori imepanda bei mpaka mtu anaona heri anunue ng'ombe, kwamba diski zinakufa, sasa unanunua gemu hewani, na siku wenyewe wakitaka wanakunyang'anya. Mmoja akanigeukia. "Wangari, wewe unasemaje?" Nikafungua mdomo nijibu. Ile harufu ikanipitia puani, na badala ya jibu nikaona mbuzi.

Naam, mbuzi. Nitawaeleza, lakini msinicheke kabla sijamaliza, maana nilishachekwa vya kutosha.

Nilikuwa na miaka kumi na miwili, nikiishi kwa Guka na Cucu, wazazi wa baba yangu, upande wa Othaya, pale kahawa inapokwisha na majani chai yanapoanza. Senta yetu ilikuwa na maduka machache, bucha, kinu cha posho, na kando ya kinu chumba cha mabati cha kijana aitwaye Kimani. Ndani ya chumba hicho mlikuwa na televisheni mbili na mashine mbili za toleo la Tatu, ambazo feni zake zilinguruma kuliko kinu chenyewe. Nje palikuwa na benchi. Ndani watu walicheza, nje watu walizungumza, na kwangu mimi utamu wote ulikuwa nje.

Aki, walijua kuongea! Walizungumza habari za mashine ya Nne, iliyokuwa imetoka ng'ambo na bado haijafika kwetu. Walisema ukiicheza utaona mpaka jasho kwenye shingo ya mchezaji. Pedi yake ya kuchezea iko na taa mbele. Wengine walishikilia kwamba simu zitaua mashine zote, na walioshikilia hivyo walizomewa. Mwas, kijana mrefu wa chuo, alikaa kwenye pembe yenye ukuta wa kuegemea, na yeye akianza kusema wengine walimeza maneno yao. Hakuna aliyemchagua awe mwenyekiti. Mgeni aliyetaka kukaa alileta soda na mkate, vikagawanywa kwa wote, akasogezewa nafasi. Bila mkate, unasimama.

Mimi nilisimama. Nilisimama na debe langu la mahindi, nikijifanya nangojea zamu kwenye kinu, na Cucu akawa anashangaa jinsi mahindi yetu yanavyokawia kusagwa kuliko ya watu wengine wote. Yale waliyoyabishania nilikuwa nimeyasoma. Baba yangu mdogo alikuwa na simu yenye kioo kilichopasuka, na kila alipoiacha kwenye chaji mimi niliifungua nikasoma habari za mashine mpaka macho yakawasha.

Siku moja Mwas alisema mashine ya Nne ikija, Kimani hatahitaji kununua diski mpya, zile za Tatu zitaingia tu. Maneno yakanitoka.

"Hazitaingia," nikasema. "Ndani zimejengwa tofauti kabisa."

Benchi zima likanigeukia. Mwas akanitazama kuanzia debe mpaka ndara.

"Na huyu ni nani? Umeleta mkate wewe?"

"Hapana."

"Basi. Na hata ukileta, hapa si mahali ya wasichana. Enda usage unga."

Nilifika nyumbani nikilia, unga umemwagika nusu. Cucu aliuona unga kwanza akaanza maneno yake. Guka ndiye aliyeniona mimi. Alikuwa amechutama mbele ya mbuzi wake, akimlisha mashina ya viazi vitamu.

Lazima niwaambie habari za huyo mbuzi. Alikuwa dume mwekundu mtupu, bila doa wala kovu, na Guka alikuwa amemlea mwenyewe tangu akiwa kitoto. Hakuuzwa. Karo ilipokosekana hakuuzwa, na Cucu alipougua meno hakuuzwa, jambo ambalo Cucu alilitaja kila alipouma kitu kigumu. "Ako na kazi yake," ndilo jibu pekee la Guka. Tulijua kwamba hatukuruhusiwa kuuliza ni kazi gani.

Kwa kuwa nimepewa jina la Cucu, kwa desturi yetu nilihesabiwa kama mke wake, hivyo Guka aliniita Mwenye Boma, na alinitania kama mtu mzima mwenzake. Jioni ile hakunitania.

"Mwenye Boma, nani amekupiga?"

Nikamweleza yote. Alinisikiliza, kisha akaanza kuniuliza polepole, kama mtu anayetafuta njia gizani kwa mkono.

"Hao watu, wanakaa kwa mpango?"

"Ndiyo."

"Kuna mkubwa wao?"

"Kuna Mwas."

"Na mtu akitaka kuingia, huja na kitu ya kukula pamoja?"

"Soda na mkate."

"Haiya!" Guka alipiga paja. "Hiyo si kucheza. Hiyo ni kiama!"

Kiama, kwa wasiojua, ni baraza la wazee wa kwetu. Mwanamume huingia kwa kutoa mbuzi, na hupanda kwa kutoa mbuzi mwingine, wakamla pamoja, naye akapewa mahali pa kukaa na ruhusa ya kusema. Guka alikuwa akienda huko, akirudi ananuka moshi na mafuta, na Cucu, mama wa kanisa, akimkalia kimya mpaka asubuhi. Zaidi ya hapo sikujua kitu. Nilifuta pua, nikafurahi kwamba angalau mtu mmoja duniani ameona uzito wa jambo langu. Laiti ningemuuliza anafikiria nini!

Jumamosi moja baada ya hapo, mashine ya Nne ilifika. Binamu ya Kimani aliileta kutoka Nairobi, na habari zikakimbia kuliko bodaboda. Vijana walikuja mpaka kutoka Othaya mjini. Nami nilikuwapo na debe langu, nyuma ya migongo ya watu. Kimani alikuwa ameitoa televisheni moja nje ili kila mtu aone. Akachukua diski ya Tatu, akaipangusa kwa shati, akaingiza. Mashine ikafikiri, ikakataa. Akaingiza nyingine, ikakataa hiyo pia.

Kimani akaitoa, akaitazama upande wa pili. Kisha mmoja wa benchi akasema kwa sauti, "Lakini si kuna msichana alisema hivyo? Yule wa debe?"

Vichwa vikageuka kunitafuta, na hata cha Mwas kikageuka. Jamani, mpaka leo naukumbuka moyo wangu ulivyopanda. Niliweka debe chini. Niliona kabisa mtu anasogea kwenye benchi kunipisha.

Ndipo mbuzi alipolia.

Guka alikuwa anavuka barabara na koti lake la kanisani, kofia mkononi, mbuzi mwekundu nyuma yake kwenye kamba mpya. Watu walimpisha wakidhani anapita kwenda bucha. Hakupita. Alisimama mbele ya benchi, akamkabidhi kamba Mwas, akasema kwa Kiswahili chake cha mlimani, taratibu, kama anaongea mbele ya wakubwa:

"Mimi ni guka ya huyu Wangari. Nimesikia hapa kuna kiama ya mambo ya mashini. Mtu wangu anajua hiyo maneno. Mmesema hawezi kukaa bila kuleta kitu. Mkate ni ya watoto. Nimeleta yake. Mkule, mumpe kiti, aongee."

Mwas akaitazama kamba mkononi mwake. Kisha mtu fulani kule nyuma akapaza sauti, "Ngai! Mzee, si mbuzi hutoka kwa kijana kwenda kwa kina msichana? Hii ruracio imerudi nyuma!"

Ruracio ni mahari. Mnaweza kufikiria kicheko kilichofuata. Watu walishikana mabega, wengine wakakaa chini barabarani. Simu zikainuliwa juu, kila moja inampiga Guka picha, na mtoto mmoja akaanza kulia kama mbuzi, wengine wakamjibu. Wahenga walisema uso umeumbwa na haya. Wangu siku ile uliwaka mpaka masikio. Sikuona aibu kwa ajili yangu tu. Niliona aibu kwa koti lile, kwa kofia ile, kwa kiatu chake kilichofungwa kwa uzi wa gunia, na kwa vile yeye hakuelewa kwamba anachekwa. Alitabasamu nao! Alidhani wamefurahi.

"Tumekubali, mzee!" Mwas akasema, akiinama kama mbele ya mfalme. "Madam, karibu kiti."

"Kaa, Mwenye Boma," akasema Guka. "Ni yako."

Nikakaa. Sikuwa na la kufanya. Nilikaa kwenye benchi nililolitamani miezi na miezi, nikiangalia vidole vyangu vya miguu, huku Guka akivua koti, akakunja mikono ya shati, na kumpeleka mbuzi nyuma ya bucha. Yeye mwenyewe alimchuna. Yeye aliwasha moto, na kuni zilikuwa mbichi lakini ukawaka mara moja. Yeye alikata, akageuza, akagawa. Vijana walikula wakicheza Nne, vidole vya mafuta kwenye pedi mpya mpaka Kimani akapiga kelele. Guka hakula. Alisimama pembeni akifuta kisu, ananiangalia mimi. Aliponiona sisemi kitu, alinitikisia kichwa, kama kusema, ongea sasa. Nyama ilipoletwa kwangu niliishika mkononi mpaka ikaganda.

Sikurudi tena pale. Nikipita tu barabarani walilia meee. Picha za Guka zilizunguka kwenye simu, zikafika hata shuleni, na jina langu likawa Kiama. Mahindi nikawa nayapeleka kinu cha mbali, cha ng'ambo ya mto, na Cucu akashangaa zaidi. Guka, kila jioni, alinisogezea kigoda karibu na moto.

"Mwenye Boma, baraza imesema nini leo?"

Jioni za kwanza nilijifanya nasoma. Kisha siku moja walikuwa wamenililia meee shuleni kutwa nzima, na swali lake likanikuta hapo.

"Hakuna baraza, Guka! Ni watoto wanacheza gemu. Walikucheka. Wote walikucheka."

Alisukuma ukuni ndani ya moto. "Sawa," akasema. Hakuniuliza tena.

Guka alifariki nikiwa kidato cha tatu. Siku ya mazishi wazee wa kiama walikuja na fimbo zao na matawi yao, wakakaa kwa mpango wao chini ya hema. Nyuma ya jikoni kijana mmoja alikuwa akihangaika na moto wa chai, moshi umemjaa machoni. Mzee Karanja, rafiki wa Guka tangu ujanani, alikuwa amesimama karibu nami, akacheka kidogo kwa huzuni.

"Guka yako angekuwa ashawasha hii zamani."

"Kwani yeye ndiye aliwawashia kule?"

"Kila mara. Kuwasha, kuchuna, kugawa, hiyo ni kazi ya mtu wa mbuzi moja. Vijana tuliozaa sisi walimpita wakakaa, yeye bado anachuna."

Nikamuuliza kwa nini hakupanda.

"Ya pili alikuwa nayo. Ile nyekundu, si unaikumbuka? Tulimngojea nayo. Siku yake ya kupanda ikafika, akakuja mkono mtupu. Tukamuuliza mbuzi iko wapi. Akasema ameipeleka kwa kiama ingine." Mzee Karanja aligeuza fimbo yake mkononi. "Tukamcheka. Tukamwambia, wewe umezeeka, utapata wapi ingine kama hiyo? Akatuambia, huko nina mtu wangu, na yeye atakaa miaka mingi kuliko mimi."

Nilienda nyuma ya ghala la mahindi nikakaa peke yangu. Msidhani nililia. Aibu ninayoizungumzia haitoi machozi. Kumbe alijua kuchekwa ni nini. Alikuwa amechekwa na wenzake kwa ajili ya mbuzi yule, akarudi nyumbani, akanisogezea kigoda, akaniuliza baraza imesema nini. Nami nikampa jibu lile.

"Wangari! Tumekuuliza. Uko wapi wewe?"

Wenzangu wa Kamakwa walikuwa wananitazama. Mashine ilinguruma, harufu ya vumbi bado hewani. Nilikuwa nimesimama karibu na mlango, kama kawaida yangu. Miaka hii yote sijawahi kuwa mtu wa kukaa wanapobishana. Rafiki yangu alisogea, akapigapiga nafasi kwenye kochi.

"Kaa basi, uongee vizuri. Ama mpaka tukulipishe kiingilio?"

"Kililipwa," nikamwambia.

Hakuelewa, akacheka. Nikaketi katikati yao, nikaanza kusema.