Harufu ya Dawa ya Kichina

Hedhi ilipokoma, niliingiwa na huzuni iliyoniliza nikikata vitunguu, na hata nisipokata. Mume wangu, mtu wa ubalozini, alisema ni umri tu, akaendelea kuniletea wageni. Kila Jumapili nyumba yetu ya Uccle, hapa Brussels, ilijaa watu wa nyumbani waliokula pilau yangu, wakaniambia nimenenepa, wakaniachia vyombo.

Wifi yangu, aliyekuja kutusalimia akasahau kuondoka, ndiye aliyenipeleka kwa tabibu wa Kichina. Mzee yule alinitazama ulimi, akanishika mkono kusikiliza mapigo, akanifungia mizizi na magome ya kuchemsha.

Harufu yake sasa! Kama soksi zilizopikwa na udongo. Ilikuwa majira ya baridi, madirisha hayafunguliwi, basi ikaingia hadi kwenye makoti ya wageni. Wakaanza kuondoka mapema, kisha wakawa wanapiga simu kutoa udhuru. Hata wifi akakumbuka kwake.

"Dawa imekukubali," mume wangu akasema aliponikuta jikoni naimba.

Nikamwambia aninunulie nyingine. Sikuwahi kumeza hata tone. Niliichemsha tu, mlango wa jikoni nimeuacha wazi.